Golf: Kabla ya kupanga vita vya nyanda za Marekani mezani, chagua kanuni

LUBUMBASHI. Meza ya chakula ya nyumba ya kawaida ya mtaa wa Golf inatosha kubeba uwanja mzima wa vita. Tandika kitambaa cha rangi ya majani makavu, weka vilima vya kadibodi chini yake, pitisha utepe wa buluu uwe mto. Hapo una bonde la Little Bighorn, Montana, kama lilivyokuwa Juni 25, 1876. Upande mmoja kuna wapanda farasi wa jeshi la Marekani. Upande wa pili kuna kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne, watu ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Swali linalobaki ndilo wengi hulipuuza: mchezo utaendeshwa kwa kanuni zipi?

Mchezo wa vita mezani unatumia sanamu ndogo za askari, mara nyingi zenye urefu wa milimita 28 hivi, pamoja na rula ya kupimia mwendo na dadu za kuamua risasi imepata au imekosa. Wenye asili ya mchezo huu ni maofisa wa Prussia, ambao mwaka 1824 walianza kutumia kanuni za Reisswitz kufundishia vita. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha kanuni kwa ajili ya watu wa nyumbani. Tangu hapo zimetungwa kanuni nyingi mno, na kila moja inadai kuonyesha vita vilivyokuwa.

Hapo ndipo penye shida. Kitabu cha kanuni hakielezi tu sanamu itembee sentimita ngapi. Kinaamua nani anafikiri na nani anasukumwa, nani akirudi nyuma anahesabiwa mwoga, na ushindi ni kitu gani. Kwa msomaji wa Katanga jambo hili si la mbali. Wanajeshi wa Marekani waliwaua Walakota huko Wounded Knee Desemba 29, 1890. Msiri, mfalme wa Bayeke, aliuawa karibu na Bunkeya Desemba 20, 1891. Kati ya siku hizo mbili haukupita hata mwaka mmoja. Katika maduka ya michezo ya Ulaya na Marekani, vita vya pande zote mbili hupangwa mara nyingi kwenye rafu moja, ile ya vita vya kikoloni, na wapiganaji wake huwekwa katika kundi moja: watu wa kabila. Anayechagua kanuni za kuwachezesha Walakota anachagua pia jicho la kuwatazamia watu wa Bunkeya.

Nani anawaamulia wenyeji?

Swali la kwanza la kukiuliza kitabu chochote cha kanuni ni hili: upande wa wenyeji unaongozwa na nani?

Mfano unaojulikana ni Pony Wars ya Ian Beck, kanuni za kizazi cha miaka ya 1980. Humo wachezaji wote hukaa upande wa jeshi la Marekani. Wapiganaji wa nyanda hutokea kwa bahati ya dadu na majedwali: wanazuka, wanashambulia, wanatoweka. Kwa marafiki wanaotaka kushirikiana badala ya kushindana, ni burudani kubwa, na ndiyo maana jina lake bado linatajwa. Lakini mezani hakuna hata mtu mmoja anayelazimika kujiuliza: kama ningekuwa Mcheyenne, na mke wangu na watoto wako ng'ambo ya mto, ningefanya nini? Upande huo umegeuzwa kuwa hali ya hewa, mvua ya mishale inayokuja na kupita.

Kuna sababu ya kiufundi ya kupanga hivyo. Jeshi la Marekani lilikuwa na safu ya amri: kanali, meja, kapteni. Ni rahisi kumkabidhi mchezaji kikosi chenye amri. Wapiganaji wa nyanda hawakuwa na jenerali. Kiongozi alifuatwa kwa sifa zake na kwa hiari ya wanaomfuata, na kijana aliweza kuondoka vitani bila kuomba ruhusa ya mtu. Watunzi wengi wa kanuni waliona hali hiyo kama fujo, wakaiachia dadu. Kanuni nzuri huiona kama namna nyingine ya kuamua. Humpa mchezaji viongozi kadhaa wenye nguvu tofauti, kisha humwachia kazi ya kuwavuta watu wamfuate.

Kurudi nyuma si kushindwa

Swali la pili ni namna kanuni zinavyohesabu kurudi nyuma. Katika vitabu vingi, kikosi kikirudi nyuma maana yake kimevunjika moyo. Mchezaji anapoteza alama, na kikosi chake huenda kikaondolewa mezani.

Desemba 21, 1866, karibu na ngome ya Phil Kearny katika Wyoming ya leo, kundi dogo la wapiganaji lilijionyesha kwa wanajeshi, kisha likakimbia. Kapteni William Fetterman akalifuata hadi ng'ambo ya kilima, mahali ambapo ngome haikuweza kumwona. Wenzao walikuwa wamejificha huko. Yeye na wote waliotoka naye, jumla watu 81, waliuawa. Kwa kanuni zinazomwadhibu anayekimbia, mtego wa siku hiyo hauwezi hata kuanza, kwa sababu wale wa kuvuta adui wangehesabiwa wameshindwa tangu hatua ya kwanza.

Kuna sababu nyingine pia. Jamii za nyanda zilikuwa ndogo, na kila mpiganaji alikuwa mwindaji na baba wa watu. Kumpoteza kwa ajili ya kukalia kilima kwa saa moja ilikuwa hasara isiyo na maana. Kanuni zinazofaa vita hivi huwaruhusu wapanda farasi wa nyanda kuja, kupiga, kuondoka na kurudi tena bila adhabu, na hufanya kila anayeanguka kuwa hasara nzito kuliko anayeanguka upande wa jeshi.

Katika mapigano ya Rosebud, Juni 17, 1876, farasi wa mpiganaji wa Kicheyenne aliyeitwa Comes in Sight aliuawa, naye akabaki kwa miguu mbele ya adui. Dada yake, Buffalo Calf Road Woman, aliingia kwa farasi katikati ya risasi akamtoa. Hadi leo Wacheyenne huyakumbuka mapigano hayo kama mahali ambapo msichana alimwokoa kaka yake. Kitabu kisichokuwa na nafasi ya kumbeba aliyeanguka kimeacha nje jambo ambalo wenyewe waliliona kubwa kuliko yote ya siku ile.

Ushindi unahesabiwaje?

Rosebud hiyohiyo inajibu swali la tatu. Jenerali George Crook alikuwa na watu zaidi ya 1,000, wakiwemo Wacrow na Washoshone. Mapigano yalipokwisha, wapiganaji wa Kilakota na Kicheyenne waliondoka, Crook akabaki uwanjani na kudai ameshinda. Kisha akageuza jeshi lake akarudi kambini kusini. Siku nane baadaye Luteni Kanali George Custer alifika Little Bighorn, na jeshi la Crook halikuwapo.

Kanuni zinazotoa alama kwa anayebaki na uwanja zitamtangaza Crook mshindi. Kanuni zinazouliza kila upande ulikuja kutafuta nini zitasema kinyume. Jeshi la Marekani lilitaka kuwazingira watu na kuwarudisha kwenye maeneo waliyotengewa. Walakota na Wacheyenne walitaka jeshi lisifike kwenye kambi za familia zao. Kwa kipimo hicho, siku ilikuwa yao.

Kwa hiyo kitabu kizuri huzipa pande mbili malengo tofauti. Jeshi linaweza kushinda kwa kukamata kundi la farasi au kuchoma mahema na chakula cha majira ya baridi. Wenyeji wanashinda familia zikivuka mto na kutoka mezani salama, hata kama hawakumuua askari yeyote.

Bunduki na mshika farasi

Baada ya maswali hayo matatu kuna mambo mawili madogo yanayoonyesha kama mtunzi alisoma historia.

La kwanza ni mshika farasi. Wapanda farasi wa Marekani waliposhuka kupigana kwa miguu, mmoja kati ya kila wanne alibaki nyuma akishika farasi wa wenzake watatu. Kikosi cha watu 40 kilibaki na bunduki 30. Kanuni zisizopunguza idadi hiyo zinalipa jeshi robo ya nguvu ambayo halikuwa nayo.

La pili ni silaha za wenyeji. Mwaka 1983 moto wa nyasi uliteketeza sehemu ya uwanja wa Little Bighorn, na kuanzia 1984 wataalamu wa akiolojia waliupekua kwa vifaa vya kutambua madini. Maganda ya risasi waliyoyapata yalionyesha kwamba baadhi ya wapiganaji walikuwa na bunduki za Henry na Winchester, zinazopiga risasi nyingi mfululizo. Askari wa Custer walikuwa na bunduki fupi za Springfield za mwaka 1873, zinazojazwa risasi moja moja. Kitabu kinachowapa Walakota wote pinde na mikuki, kikidhani ndivyo walivyokuwa, hakifai kwa mwaka 1876.

Vitabu vinne kwenye mizani

The Sword and the Flame ya Mmarekani Larry Brom ilitoka mwaka 1979 na ndiyo mzee wa kundi hili. Kadi nyekundu na nyeusi huamua upande gani utasogea au kupiga, na umbali wa kutembea hutegemea dadu, hivyo hakuna kamanda anayejua kwa hakika kikosi chake kitafika lini. Majeruhi huwa mzigo kwa wenzao, jambo linaloifaa Rosebud. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji sanamu nyingi, na iliandikwa kwa ajili ya vita vya Waingereza, kwa hiyo mchezaji atalazimika kuongeza mwenyewe mambo ya nyanda.

The Men Who Would Be Kings ya Dan Mersey, iliyochapishwa na Osprey mwaka 2016, ni nyepesi zaidi. Kila mchezaji hupanga jeshi la kawaida la alama 24. Kila aina ya kikosi ina jambo inaloweza kulifanya bila kupima, na mengine yote yanamtaka kiongozi afikie alama yake kwa dadu mbili. Uwezo wa kiongozi nao hupatikana kwa bahati, kwa hiyo jeshi lenye sare nzuri linaweza kuongozwa na mpumbavu. Kuna pia njia ya kucheza peke yako, inayofaa kwa asiye na mwenzake. Angalizo ni moja: usiwaweke Walakota katika aina ya watu wa kabila kwa sababu tu jina linaonekana kuwafaa. Aina ya wapanda farasi wasio wa jeshi rasmi inakaribia zaidi namna walivyopigana.

Rebels and Patriots ya mwaka 2019, ambayo Mersey aliiandika pamoja na Michael Leck, inahusu Amerika Kaskazini tangu vita vya Wafaransa na Waingereza vya karne ya 18 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Haijafika Little Bighorn, lakini kwa mapigano ya miaka ya 1860 mchezaji anaweza kuitumia bila kubadili mengi.

Cha nne kinamgusa msomaji wa Lubumbashi moja kwa moja, nacho kinaitwa Congo. Kilitolewa mwaka 2016 na Studio Tomahawk ya Ufaransa. Kinahusu misafara ya karne ya 19 katikati ya Afrika, na mchezaji anaweza kuongoza Wazungu, watu wa Usultani wa Zanzibar, falme za Kiafrika au watu wa misitu. Kila mmoja huchagua kadi zake kwa siri, na malengo hubadilika kila mchezo. Jambo la kulipongeza ni kwamba Mwafrika ana mchezaji wake anayemfikiria. Jambo la kuliangalia ni kwamba kina ladha ya hadithi za wapelelezi wa Kizungu, na anayekijua kisa cha kweli ataona pengo.

Meza ileile, Bunkeya

Kisa cha kweli kipo kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Msafara wa William Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa faida ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ulitoka pwani ya Afrika Mashariki katikati ya mwaka 1891 ukiwa na zaidi ya watu 300. Wazungu walikuwa watano tu. Wengi wa waliobaki walikuwa wapagazi na askari waliokodiwa Zanzibar na mrima, watu wa Kiswahili. Ulifika Bunkeya Desemba 14. Msiri alikataa kuikubali bendera ya Leopold. Siku sita baadaye Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akamuua, na Bodson mwenyewe akauawa palepale na watu wa mfalme.

Weka kisa hicho mezani, uone maswali yaleyale yanavyorudi. Nani anamwongoza Msiri? Akiwa dadu tu, hakuna atakayeelewa kwa nini alikubali kuzungumza na Stairs, kisha akahama usiku kwenda kijiji cha jirani. Ushindi ni nini? Msafara ulimuua mfalme, lakini baada ya hapo njaa na maradhi viliwaangusha wengi wa watu wake, na Stairs naye alifariki mwaka 1892 kabla ya kufika kwao. Pande ni ngapi? Msiri mwenyewe alikuja kutoka Unyamwezi akajenga dola yake kwa shaba, pembe, watumwa na baruti, na Basanga walikuwa wamemwasi. Meza yenye pande mbili tu itawafuta Basanga, kama vile meza ya Rosebud yenye pande mbili inavyowafuta Wacrow na Washoshone, waliokuwa na ugomvi wao wa zamani na Walakota.

Kitabu kinachomudu pande tatu, kila mmoja na lengo lake, ndicho kitakachofaa kote kuwili. Kisichomudu Bunkeya kitawadanganya wachezaji kuhusu Rosebud pia, ila hawatagundua, kwa sababu Rosebud ni mbali.

Yasiyopangwa mezani

Sand Creek, Novemba 29, 1864, Kanali John Chivington alishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliodhani wako chini ya ulinzi wa jeshi. Zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wounded Knee, wanajeshi walikuwa wakiwanyang'anya watu silaha pale ufyatuaji ulipoanza. Hakuna kanuni itakayoyafanya hayo kuwa shindano, kwa sababu upande mmoja haukuwa na nafasi ya kuamua chochote. Kitabu kinachoyaweka kama pambano la kawaida kirudishwe rafuni.

Kwa anayeanzia Golf

Anayeanza hana haja ya kuagiza sanamu za bei kubwa kutoka Ulaya. Watoto wa Katanga wametengeneza magari kwa waya miaka mingi, na mikono inayokunja waya ikawa gurudumu inaweza kuukunja ukawa farasi. Udongo wa kichuguu unatoa vilima. Njiti za kiberiti na mabaki ya kitambaa yanatoa mahema. Meza ya mita 1.8 kwa 1.2 inatosha, na sanamu 30 hadi 40 kila upande ni nyingi. Mchezo uanze mchana, maana umeme ukikatika jioni, kusoma dadu kwa mwanga wa simu kunazua ugomvi.

Kwa hali hiyo, The Men Who Would Be Kings ndicho kitabu cha kuanzia: ni chembamba, hakidai jeshi kubwa, na kinakubali kurekebishwa. Marekebisho ni manne, yaandikwe kwenye karatasi kabla ya sanamu kushuka mezani. Moja, wapanda farasi wa nyanda warudi nyuma bila adhabu. Mbili, askari mmoja kati ya wanne ashike farasi. Tatu, familia ziwepo mezani, na kuvuka kwao kuwe ushindi. Nne, aliyeanguka aweze kubebwa. Wakishazoea, wachezaji wataweza kuhamia Congo, wakirekebisha nacho kwa kukifuata kisa cha 1891.

Wazee wanaocheza kisolo wanaijua adabu hii. Anayeketi na mgeni mbele ya ubao hauliza kwanza nani ataanza. Huuliza: kwenu mnachezaje? Mkishakubaliana hapo, anayefungwa hana cha kulalamikia. Mezani Golf swali ni hilohilo, na linawahusu pia wale ambao hawapo kulijibu: Wacheyenne wa Rosebud na watu wa Bunkeya.